Shajara ya mradi: Mafunzo ya igizo ICU, kuzuia maambukizi yanayopitia katheta

Mimi ni muuguzi wa ICU katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania, yenye vitanda sita vya wagonjwa mahututi. Naandika shajara hii ili wauguzi wa hospitali nyingine waige kilichofaa na waruke kilichotupotezea muda na fedha. Kila hatua ikikamilika naongeza kipande chake. Bei zote ni shilingi za Tanzania, kama tulivyonunua sisi.

15 Januari 2024: Tunazuia nini

ICU nyingi za mikoani bado ni changa. Fedha za mpango wa Uviko-19 za mwaka 2021 zilileta majengo, vitanda na mashine za kupumulia, na wauguzi wakahamishwa kutoka wodi za kawaida kwenda kuhudumia humo. Wengi tulijifunza kazi kwa kumtazama aliyetutangulia. Katheta ya mshipa mkubwa, ule mpira mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa shingoni, chini ya mtulinga au kwenye kinena, wengi hatukuwahi kuishika tulipokuwa chuoni.

Daktari anaiweka mara moja. Baada ya hapo ni sisi tunaoigusa mchana na usiku: dawa, dripu, damu ya vipimo, kubadilisha dresingi, yaani plasta au gozi inayofunika tundu. Katheta ikiwa ya siku chache, vijidudu hupita zaidi kwenye ngozi inayozunguka tundu. Ikikaa muda mrefu, mdomo wa katheta, pale tunapounganisha dripu na sindano, ndio unakuwa njia kuu. Njia zote mbili ziko mikononi mwa muuguzi, na mgonjwa aliyelala na mashine hawezi kutuambia kwamba tumekosea.

Maambukizi haya yanazuilika, na ushahidi upo. Mwaka 2006 Peter Pronovost na wenzake walichapisha matokeo ya ICU 103 za jimbo la Michigan, Marekani. Walishikilia mambo matano: kunawa mikono, kujifunika na kumfunika mgonjwa kikamilifu wakati wa kuweka katheta, kusafisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), kukwepa kinena inapowezekana, na kuitoa katheta isiyohitajika tena. Wastani wa maambukizi ulishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku-katheta 1,000 (mgonjwa mmoja mwenye katheta kwa siku moja ni siku-katheta moja) ndani ya miezi 18. Huko Chicago, Jeffrey Barsuk na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern walifundisha kwa igizo, yaani kufanyia mazoezi kwenye mdoli badala ya mgonjwa, kwanza madaktari wanaoweka katheta, kisha wauguzi wanaoitunza. Kutoka kwao tumechukua kanuni moja: mtu hamalizi mafunzo kwa sababu saa zimekwisha. Anamaliza akifikia kiwango, na asiyefikia anarudia bila kuaibishwa.

Tumechagua kazi tatu za kuanzia: kutoa dawa kupitia katheta, kubadilisha dresingi, na kubadilisha mpira wa dripu pamoja na koki ya njia tatu. Mganga mfawidhi ametoa kibali, na kamati ya kinga na udhibiti wa maambukizi inajua tunachofanya.

2 Februari 2024: Mtihani wa karatasi

Tulianza na maswali ya kuandika. Karibu wote walifaulu. Kisha, kwa ridhaa yao, tukawatazama wakiwa kazini.

Mikono ilifanya tofauti na kalamu. Mdomo wa katheta ulipanguswa mara moja haraka, au haukupanguswa kabisa. Dawa ilisukumwa kabla spiriti haijakauka. Dresingi iliyoachia iliongezewa plasta juu yake badala ya kubadilishwa. Glavu iliyoshika reli ya kitanda ndiyo hiyo hiyo iliyofungua koki. Wauguzi hawa nawajua, si wazembe. Ni watu wanaobaki na mgonjwa hata saa ya kwenda nyumbani ikipita.

Kwa hiyo tumefuta mihadhara ya slaidi kwenye mpango. Ujuzi wa kichwani upo tayari, mafunzo yatakwenda kwenye mikono.

24 Februari 2024: Mdoli

Mdoli wa kiwandani wenye shingo ya kuwekea katheta unauzwa kwa mamilioni. Tulinunua mdoli wa duka la nguo, kifua na shingo tu, uliokwishatumika. Tukachonga sehemu ya shingo, tukajaza sponji, tukaivisha ngozi.

Ngozi ndiyo iliyotusumbua. Kwanza tulitumia reksini ya makochi. Plasta angavu haikushika vizuri, na pale iliposhika ilibandua rangi ilipotolewa. Spiriti nayo ikaifanya inate. Mtu hawezi kujifunza kubandua dresingi taratibu kwenye kitu kinachobanduka chenyewe. Kilichofaa ni tyubu ya gari iliyotumika: tuliipasua, tukaiosha kwa sabuni mpaka unga wake ukaisha, tukaipiga msasa laini. Plasta inashika, inatoka, na tyubu inavumilia spiriti na klorheksidini.

Weusi wa tyubu umetupa faida ambayo hatukuitegemea. Picha za vitabuni zinaonyesha wekundu kuzunguka tundu la katheta, lakini wagonjwa wetu wana ngozi nyeusi na wekundu huo mara nyingi hauonekani hivyo. Mdoli mweusi unamlazimisha muuguzi atafute dalili nyingine: aguse kwa juu ya plasta kama kuna ujoto au ugumu, aangalie uvimbe na majimaji, amuulize mgonjwa anayeweza kujibu kama panauma.

Katheta tulipewa na stoo ya chumba cha upasuaji, zilizopita muda wa matumizi. Tumeziandika YA MAFUNZO TU kwa wino mwekundu, na zinakaa kwenye kabati lenye kufuli. Msilegeze hapo, kifaa cha mafunzo kisipate kabisa njia ya kurudi kwa mgonjwa. Katheta imeunganishwa na mfuko wa dripu wenye maji mekundu uliofichwa ndani ya kifua, ili mtu akivuta damu aione. Maji hayo tuliyaacha humo kwa wiki moja, yakaota ukungu. Sasa kila zoezi likiisha tunamwaga, tunasuuza, tunapitisha spiriti na kutundika mipira ikauke.

Gharama: mdoli 35,000, reksini 12,000, sponji 8,000, gundi 6,000, tyubu 5,000, rangi ya chakula 2,000. Jumla 68,000. Mkiruka reksini ni 56,000.

16 Machi 2024: Kukiona kisichoonekana

Tulitaka muuguzi aone mwenyewe alikogusa. Hospitali kubwa zinanunua jeli maalumu inayong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Sisi tulitumia taa ndogo za kukagulia noti, zilizoletwa kwa basi kutoka Kariakoo.

Tuliyoyajaribu kwanza hayakufaa. Mafuta ya mgando yanang'aa kidogo, rangi ya buluu hafifu. Maji ya toniki, kwa ajili ya kwinini iliyomo, yanang'aa buluu nzuri zaidi. Lakini tulipozima taa za chumba, kila kitu kikawaka buluu: sare zetu nyeupe, shuka, karatasi. Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha nguo, na ndizo zinazowaka chini ya taa hii. Alama yetu ikazama humo.

Dawa yake ilikuwa rangi tofauti na nguo tofauti. Tulipasua kalamu za hailaita za njano, tukakamua utambi wake kwenye glisirini. Mchanganyiko huo unawaka njanokijani, unashika vidoleni kama uchafu wa kawaida, na hautiririki kama wino uliochanganywa na maji. Washiriki wanavaa gauni za kijani za chumba cha upasuaji. Tyubu nyeusi haiwaki hata kidogo, kwa hiyo alama inaonekana wazi.

Tunapaka kidogo kwenye reli ya kitanda, kwenye kitufe cha monita na kwenye nyuzi za mdomo wa katheta, ile mikunjo ya kukazia kama ya skrubu. Muuguzi anafanya kazi yake kama kawaida. Kisha tunazima taa. Mara nyingi rangi ya reli inakutwa kwenye koki, na kwenye mdomo wa katheta inabaki ndani ya nyuzi hata kwa mtu aliyepangusa juu kwa bidii. Hapo hakuna anayehitaji kuhubiriwa. Dada mmoja aliomba taa iwashwe tena palepale arudie.

Angalizo moja: rangi si vijidudu. Inaonyesha mkono haukufika wapi, basi. Wako walioanza kufuta kwa maji ili rangi iishe, na zoezi likageuka kuwa la kuosha wino. Tulirudi kwenye kanuni: kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, ikiwezekana na klorheksidini, kusugua kwa nguvu juu na kwenye nyuzi kwa sekunde 15, kisha kusubiri pakauke. Kukauka ni sehemu ya kusafisha. Na mchanganyiko huu usiguse kamwe katheta ya mgonjwa wala taa hizo zisielekezwe machoni.

Gharama: taa mbili 24,000, nauli ya mzigo 5,000, glisirini 5,000, hailaita nne 4,000. Jumla 38,000.

13 Aprili 2024: Ukumbini

Makundi yote yamepita kwenye ukumbi wa mikutano. Kila mtu alifanya vizuri. Tulipowatazama tena wodini, tuliyaona yale yale ya Februari.

Ukumbini vifaa vyote vilikuwa mezani, vimepangwa. Hakuna king'ora, hakuna simu, hakuna mgonjwa wa pili. Kazi tuliyofundisha haipo ICU. Tunahamia kitandani.

11 Mei 2024: Zoezi kitandani, katikati ya zamu

Sasa mdoli unalala kwenye kitanda kilicho wazi, kati ya wagonjwa, na zoezi ni la dakika 15 kwa mtu mmoja wakati mwenzake anamshikia wagonjwa wake. Kitanda kikijaa tunaahirisha.

Hali tunayoianza nayo ni hii: mgonjwa ana katheta shingoni, siku ya tano. Noradrenalini, dawa ya kupandisha shinikizo la damu, inapita kwenye njia moja na haiwezi kusimamishwa. Saa ya antibayotiki imefika. Dresingi imeachia upande wa chini kwa jasho. Muuguzi akishaanza, msimamizi anatoa kadi moja ya usumbufu: king'ora cha jirani kinalia, ndugu amefika mlangoni anauliza hali ya mama yake, glavu za saizi yake zimekwisha, au daktari anaomba adrenalini upesi.

Kadi hizi ndizo zilizotufungua macho. Karibu kila mtu alifanya jambo lile lile: aliacha kazi, akashughulikia usumbufu kwa uungwana na ustadi, akarudi na kuendelea pale alipoishia. Mikono ilikuwa imeshika king'ora, kitasa na simu, na dresingi ilikuwa wazi. Kwenye kumbukumbu yake hatua zote zimefanyika, kwa sababu kweli alikuwa amezifanya, kabla ya kuondoka.

Kanuni tuliyoweka: ukiondoka, funika, na ukirudi unaanza upya tangu mikono. Tulibishana sana kuhusu mgonjwa anayezimika. Jibu letu ni kwamba uhai unatangulia. Acha kila kitu, nenda. Lakini ukirudi, kilichoachwa wazi kinahesabiwa kimechafuka, hakuna kuokoa vifaa.

Mambo matatu yalitulazimu kurekebisha papo hapo.

La kwanza ni usalama. King'ora cha kweli kililia wakati wa zoezi na watu wawili wakadhani ni kadi. Aliyekuwa na mgonjwa huyo alifika haraka, hakuna aliyedhurika, lakini tulisimamisha mazoezi mpaka tukapata utaratibu. Sasa kitanda cha mdoli kinafungwa kitambaa cha njano, msimamizi anatangaza "zoezi, zoezi" kabla ya kuanza, na mtu yeyote akisema "halisi" zoezi linakufa hapo hapo. Mabomba ya sindano ya mazoezi yana maji ya chumvi na lebo ya njano, yanahesabiwa kabla na baada.

La pili ni vifaa. Kwa kuanza upya, watu walihitaji glavu na gozi za ziada, na zilikuwa stoo, ng'ambo ya korido. Tumenunua masanduku mawili ya plastiki yenye mfuniko, moja kwa kila upande wa wodi. Ndani kuna seti kamili ya dresingi pamoja na glavu zilizotakaswa za saizi tatu, na zamu ya usiku ndiyo inayojaza.

La tatu ni kitakasa mikono. Kiliisha ndani ya wiki, maana sasa kilitumika inavyotakiwa. Mfamasia wetu anatengeneza kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani. Kwa lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 mililita 417, glisirini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ujazo utimie. Kinakaa saa 72 kabla ya kutumika ili mbegu za vijidudu zilizomo kwenye chupa zife. Ethanoli inawaka moto kirahisi, kazi hii ni ya famasi, isifanywe wodini. Na kitakasa hiki ni cha mikono tu, kina glisirini, kisipanguse mdomo wa katheta.

Tulinunua pia saa tatu za ukutani zenye mshale wa sekunde, maana kila aliyehesabu kumi na tano kwa mdomo alimaliza mapema.

Gharama: masanduku 36,000, saa 45,000. Jumla 81,000.

1 Juni 2024: Kopo la pamba

Kila wodi niliyowahi kufanya kazi ilikuwa nalo: kopo la chuma lenye pamba zilizolowekwa kwenye spiriti tangu asubuhi. Unafungua, unachota kwa vidole, unafunga. ICU yetu ilikuwa nayo mawili, na wauguzi waliofaulu zoezi vizuri kabisa walikuwa wanapangusia mdomo wa katheta kwa pamba ya humo.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu sindano salama inakataza jambo hili waziwazi. Pamba zilizolowekwa pamoja zinachafuliwa na vijidudu vya mikono na vya mazingira. Spiriti nayo inapungua nguvu kila kopo linapofunguliwa. Tulikuwa tunafundisha sekunde 15 za kusugua kwa kitu ambacho huenda ndicho kinachoingiza uchafu.

Kuyaondoa makopo siku moja kulishindikana. Kufikia jioni yalikuwa yamerudi, kwa sababu hatukuweka kitu mahali pake, na dawa ya saa 12 haisubiri. Mama mmoja mwenye miaka mingi ICU alituambia, "Wanangu, msininyang'anye mkongojo kabla hamjanipa fimbo." Alikuwa na haki.

Tulikaa na famasi tukapiga hesabu. Tukikadiria wagonjwa watatu wenye katheta, kila mmoja akifunguliwa njia mara 12 kwa siku, ni vipande 36 vya pakiti kwa siku, 1,080 kwa siku 30. Boksi la vipande 100 tunalipata kwa 4,500, kwa hiyo maboksi 11 ni 49,500 kwa mwezi. Haifiki bei ya siku chache za antibayotiki ya meropenemu kwa mgonjwa mmoja aliyeambukizwa. Hesabu hiyo ya mistari minne ndiyo iliyopitisha ombi, baada ya barua ndefu zenye maelezo ya kitaalamu kukaa bila majibu.

Pakiti zikikosekana, na zimeshakosekana, tunatumia njia ya akiba: gozi kavu iliyotakaswa, inamwagiwa spiriti kutoka kwenye chupa wakati ule ule wa kutumia, inatupwa. Hii tumeiingiza kwenye zoezi kama kadi ya usumbufu, "pakiti zimekwisha," ili mtu asirudi kwenye kopo siku ya shida.

6 Julai 2024: Neno la kumsimamisha daktari

Matokeo ya Michigan hayakuletwa na klorheksidini peke yake. Muuguzi alipewa mamlaka ya kusimamisha uwekaji wa katheta akiona hatua imerukwa. Tuliandika hivyo kwenye karatasi yetu tangu Januari, na hakuna aliyewahi kuitumia.

Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyelelewa hapa. Daktari bingwa ni mtu mzima, unamwamkia shikamoo asubuhi. Muuguzi wa mwaka wa pili kazini kumwambia mbele ya watu kwamba glavu yake imechafuka ni kumvunjia heshima, au hivyo ndivyo inavyohisiwa.

Tukalifanya kuwa zoezi. Daktari bingwa wetu mmoja alikubali kwa moyo kukosea makusudi: anaacha kofia, au anagusa reli kwa glavu iliyotakaswa, au anamfunika mdoli kwa kitambaa kidogo cha tundu badala ya shuka kubwa. Kazi ya muuguzi ni kumsimamisha.

Mwanzoni wengi walikaa kimya, macho yakiwa chini. Waliosema walisema kwa upole uliozidi: "Daktari samahani, sijui kama umeona..." na mkono wa daktari ukaendelea, maana sentensi haikumwambia asimame. Aliyesema "Simama!" alisikika kama anafoka, na yeye mwenyewe akaomba radhi palepale.

Baada ya kujaribu maneno mengi tumebaki na haya: "Daktari, tusimame kidogo. Glavu imegusa reli. Naleta nyingine." Sehemu tatu. Tusimame, wote, si wewe. Nilichokiona kwa macho, bila kusema nani kakosa. Na ninachokwenda kuleta. Nadhani sehemu ya tatu ndiyo inayobeba mzigo, kwa sababu muuguzi anaondoka kwenda kuchukua glavu na daktari hana cha kubishia. Daktari mwenyewe alisema hivyo kwenye mazungumzo ya baada ya zoezi.

Mganga mfawidhi ameandika barua fupi iliyobandikwa kwenye sanduku la katheta: muuguzi akisema tusimame, tunasimama. Maneno haya yameshatumika kwa mgonjwa wa kweli. Glavu ikabadilishwa, kazi ikaendelea.

Gharama: kuchapa na kufunika kwa plastiki kadi na barua, 10,000.

17 Agosti 2024: Zamu ya usiku

Mazoezi yalikuwa yanafanyika mchana tu, na wa usiku walibaki nyuma. Sasa yapo saa 4 usiku, baada ya dawa za jioni. Alfajiri tulijaribu tukaacha, watu wamechoka mno na ndio wakati wa kuchukua vipimo. Usiku umetuonyesha jambo moja: mwanga juu ya kitanda cha kona hautoshi kuona kama dresingi imeachia. Fundi amebadilisha taa.

28 Septemba 2024: Namba

Watu wananiuliza maambukizi yamepungua kwa kiasi gani. Siwezi kujibu kwa asilimia, na naomba msiwaamini haraka watakaojibu hivyo kwa ICU ndogo kama yetu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila siku saa ile ile mnahesabu wagonjwa wenye katheta ya mshipa mkubwa. Mkijumlisha kwa mwezi mnapata siku-katheta. Maambukizi yanagawanywa kwa namba hiyo na kuzidishwa kwa 1,000. Tatizo ni udogo. Wagonjwa watatu kwa siku 30 ni siku-katheta 90. Ambukizi moja tu linaonekana kama 11.1 kwa 1,000, na mwezi bila ambukizi ni sifuri. Mwezi mmoja tunaonekana hovyo kuliko Michigan kabla ya kuanza, mwezi unaofuata tunaonekana bora kuliko wote. Kazi yetu haijabadilika kati ya miezi hiyo.

Lingine ni zito zaidi. Awali damu ya kuotesha, ile inayopimwa kama ina vijidudu vinavyoota, haikupelekwa maabara mara kwa mara. Homa ikipanda, antibayotiki ilibadilishwa. Pasipo kuotesha, ambukizi haliandikwi, na sifuri hiyo ni ya uongo. Tuliingiza kwenye mafunzo uchukuaji wa damu ya kuotesha: kabla ya antibayotiki, sampuli mbili, moja kutoka kwenye katheta na moja kutoka mshipa wa mkononi, mililita 8 hadi 10 kwa chupa ya mtu mzima, kila chupa iandikwe ilikotoka. Sampuli zikaongezeka, na maambukizi yaliyoandikwa yakaongezeka. Kwenye kikao cha uongozi tukaulizwa mbona mafunzo yanaleta maambukizi.

Ilibidi kueleza kwa subira kwamba tumeanza kuyaona. Sasa taarifa yetu ya mwezi inabeba vitu vitatu pamoja, na hatukubali kimoja kisomwe peke yake: sampuli za damu zilizopelekwa, kazi zilizofanyika sawasawa kati ya tulizozitazama bila kupanga, na siku zilizopita tangu ambukizi la mwisho. Kiwango kwa 1,000 tutakitoa kwa mwaka mzima. Kinachopanda waziwazi ni hicho cha kati. Mikono imebadilika, naiona kila siku.

9 Novemba 2024: Tulipofika

Wauguzi wote wa ICU wamefikia kiwango, pamoja na matroni. Tulisisitiza wakongwe wapite mlango ule ule. Kundi la Barsuk, kwenye utafiti wao wa wauguzi wa ICU wa mwaka 2015, lilikuta kwamba kwenye kutoa dawa wenye miaka mingi zaidi walielekea kupata alama za chini kabla ya mafunzo. Wakongwe wetu walipoisikia hiyo hawakukasirika. Ndio waliokuja na maswali mazuri.

Orodha yetu ya ukaguzi ina hatua nyingi, lakini tano zikirukwa mtu anarudia hata kama mengine yote ni sawa: mikono kabla ya kugusa na baada ya usumbufu wowote, kusugua mdomo wa katheta sekunde 15 na kusubiri ukauke, kutoacha njia yoyote ya koki bila kifuniko, kubadilisha dresingi iliyolowa, iliyoachia au iliyochafuka papo hapo bila kusubiri siku yake, na kuuliza kwenye raundi ya asubuhi kama katheta bado inahitajika. Siku za kawaida ni 7 kwa plasta angavu na 2 kwa gozi. Mipira ya dripu ya kawaida haibadilishwi kabla ya saa 96, kwa sababu kila kuifungua ni kuifungulia uchafu; iliyopitisha damu au mafuta ya lishe inabadilishwa ndani ya saa 24.

Fedha zilizotumika mpaka sasa ni 197,000, bila pakiti za spiriti ambazo sasa ziko kwenye bajeti ya wodi. Muda wa watu ndio uliokuwa ghali, na bila msimamizi wa wodi kupanga zamu kwa kuzingatia mazoezi, mradi ungekufa mwezi wa Mei.

Hatua inayofuata ni mpira wa mkojo, ambao karibu kila mgonjwa wetu anao. Tumeanza kutazama. Mfuko unaning'inizwa vizuri chini ya kibofu wodini, ila mgonjwa akipelekwa eksirei unapandishwa na kulazwa juu ya tumbo lake, na mkojo unarudi ulikotoka. Kwa hiyo zoezi la kwanza litafanyika kwenye machela, kutoka kitandani hadi mlango wa eksirei, na wahudumu wanaosukuma machela watakuwa washiriki sawa na wauguzi. Tunatafuta ndoano za chuma za kufunga kwenye machela nne. Fundi wa hospitali anasema vyuma chakavu vinatosha.